Glasi Kitaluni

Nikipikicha jani la mnyanya sokoni Kasulu, harufu yake kali hunirudisha kwenye kitalu nyumba cha mama. Msimu wa pili, minyanya ilinyauka ingali mibichi. Mama alimshuku jirani, rafiki yake pekee, kwa kuwa ndiye aliyeingia mle siku iliyotangulia.

Jirani aliposikia, alikuja na glasi ya maji safi. Akakata shina, akalichovya. Nyuzi nyeupe zikashuka taratibu, kama maziwa.

"Unaona, dada? Ugonjwa umo kwenye udongo. Umepanda humuhumu tena, hukuubadilisha."

Mama aliitazama glasi, kisha akamtazama yeye.

"Umetia nini humo?"

Jirani aliondoka bila kuaga. Tukapanda tena kwenye udongo uleule, na mlango tukautia kufuli.