Jabali Sebuleni

Mume wangu alipelekwa Japani na kazi yake kwa wiki tatu, akarudi hataki viti, hataki kuta. Kiwanja chetu cha Ibra, huku Oman, kina jabali katikati na mkunazi ukingoni mwa wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Mtu mwenye akili zake angeleta katapila. Yeye akaleta msanifu aliyesomea huko huko Japani, wakakaa kimya wakiliangalia lile jabali kama watu waliokwenda kuposa. Penye miti hapana wajenzi, wanasema. Kwetu wajenzi walikuwapo, mti ndio waliokataa kuukata.

Nyumba ikajengwa kulizunguka jabali, na mpaka leo liko sebuleni, nami ndiye ninayelipangusa vumbi. Paa limeshushwa chini ili jua la mchana lisiingie. Sakafu ya mbao imenyanyuliwa, maji ya wadi yakija yapite zake. Mbele kuna ubao mpana wa kukalia unaotazama mitende, na ndani, badala ya kuta, milango ya kusukuma ya fremu na karatasi nyeupe. Majirani, wenye kuta ndefu kama za ngome, walituuliza kwa upole nyumba itakwisha lini.

Shida yangu ilikuwa mama. Alikaa peke yake Nizwa, ghorofani, na alikwisha kuanguka ngazini mara mbili. Kila simu ikilia nilidhani kaanguka tena. Nilimsihi ahamie kwetu, akasema atakuja siku moja, kuikagua nyumba kwanza.

Alifika na mkoba mmoja mdogo, nikajua pana kazi. Akaligusa jabali.

"Hili nalo mgeni, au wa nyumbani?"

Hajamaliza ukaguzi, majirani wanaume wakaja kutupa mkono wa kheri. Nikawapelekea tende na kahawa, nikarudi kwa mama, anawachungulia nyuma ya mlango wa karatasi. Sisi tuliotoka Unguja tuna ugonjwa mmoja: tukishaanza Kiswahili, tunadhani tumefunga mlango. Mama hakushusha sauti hata kidogo.

"Huyo mwenye bakora kala tende sahani nzima. Kwao hawali?"

"Mama, taratibu."

"Taratibu ya nini? Watu wa Ibra hawa, watajua nini? Na mumeo, wallahi, kakujengea tundu la njiwa." Kisha mzaha ukamwisha. "Mwanangu, miye siogopi nyumba. Naogopa kushinda hapa mchana kutwa, nyie mko makazini, sina wa kusema naye neno. Upweke wa Nizwa angalau nimeuzoea."

 Upande wa pili mzee mmoja akakohoa.

"Shikamoo, bibi. Tende nimekula nne tu. Miye mzaliwa wa Chake Chake."

Mama akajifunika buibui uso mzima, akaniamuru nimwitie gari, arudi Nizwa saa ile ile. Nilitaka kulia. Hasira zangu zote zilimwendea mume wangu na Japani yake.

"Usende, bibi," mzee akasema. "Mke wangu tangu afiwe na dada yake hana wa kuzungumza naye Kiswahili. Watoto wanamjibu Kiarabu. Ntamleta baada ya alasiri. Umseme na yeye kidogo, atafurahi."

Akamleta kweli, na visheti. Walikaa kwenye ule ubao wa mbele mpaka magharibi. Mama alitandika mkeka wake, akauita baraza, na tangu siku hiyo hata mume wangu hauiti vingine. Mkoba ulirudi Nizwa mara moja tu, kuchukua nguo zilizobaki.

Sasa mama na mke wa mzee wananisema kila alasiri. Mchuzi wangu maji, kanzu ya mume wangu haijapigwa pasi. Mama akinisema vibaya hupaza sauti makusudi. Jana nikamsikia anamnong'oneza shoga yake:

"Mwanangu kanitoa kwenye ngazi zile. Mungu ampe radhi."

Karatasi ni karatasi. Nilikuwa upande wa pili na kitambaa mkononi, nikalipangusa jabali lile lile mara tatu.