Umeme Uliotoka Upande wa Chini

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeifunika migomba ya Mosocho, Kisii. Ndani ya karakana ya mabati nyuma ya duka la mbolea, Celestine anazungusha mpini wa mashine ya kuvingirisha waya, polepole, kama mtu anayesaga wimbi na hataki unga umwagike.

Mbele yake ameketi mumewe, Machogu Obwocha. Kwa mkono wa kulia anauongoza waya wa shaba, mwembamba kama uzi wa kushonea, ulale ubavuni mwa uliotangulia bila kuupanda. Mkono wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko. Anautumia kubana karatasi inayotenganisha safu moja ya waya na nyingine.

"Ngoja," anasema.

Celestine anasimama. Machogu anabonyeza waya kwa kidole gumba, anatazama, anaridhika.

"Haya."

Mpini unazunguka tena. Kazi hii inahitaji mikono mitatu, Celestine anasema, na wao kwa bahati njema wanayo mitatu kamili.

Machogu, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anatengeneza transfoma zilizoungua. Nyingine huletwa kutoka viwanda vya chai vya Nyamira, nyingine ni za mashine za kuchomelea milango ya chuma. Nyingi hufika zikinuka mafuta yaliyochemka, koili zake zimegeuka nyeusi.

Ukimuuliza transfoma hufanya nini, hakupi hesabu kwanza. Anakuonyesha koili mbili zilizozungushiwa chuma kimoja. Ya kwanza ina maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Ya pili ina mizunguko michache, ya waya mnene kama kidole.

"Nguvu inayoingia ndiyo inayotoka, ukiondoa kidogo inayopotea kuwa joto," anasema. "Kinachobadilika ni namna inavyosafiri. Kwenye nguzo za mbali umeme unasukumwa kwa volti nyingi, kwa hiyo mkondo wenyewe ni mdogo na waya mwembamba unatosha. Ukifika kwa watu, transfoma inashusha volti, mkondo unaongezeka. Ndiyo maana upande wa nyumbani waya ni mnene. Ukiweka mwembamba, unaungua."

Kisha anagusa koili moja, halafu nyingine.

"Lakini hii kitu haijui mbele wala nyuma. Ukiingiza umeme huku juu, unateremka. Ukiuingiza huku chini, unapanda. Hilo watu hawalijui. Hata mimi nilikuwa nalijua kwa kichwa tu."

Alizaliwa karibu na Masimba, kwa wazazi waliolima chai na ndizi. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi, akaajiriwa na kampuni ya ukandarasi inayokarabati nyaya vijijini. Kwa miaka kumi na miwili alipanda nguzo, na anasema hakuna kazi aliyowahi kuipenda vile. Ukiwa juu, anaeleza, unaona kilima baada ya kilima, moshi wa jikoni za watu, na unajua jioni wote hao watawasha taa kwa sababu yako.

Kiongozi wa kikosi chao alikuwa Gibson Ombati, mwanamume mpole aliyemfundisha Machogu namna ya kufunga mkanda wa kupandia. Walikuwa wakila pamoja na kuombeana safarini.

Aprili, miaka mitatu iliyopita, mvua kubwa iliangusha mkaratusi juu ya laini inayopita ng'ambo ya Birongo. Waya ulikatika vipande viwili. Kikosi kilifika asubuhi. Ombati alikizima kipande kinachotoka kwenye kituo cha umeme, akakipima, kisha akakiunganisha na ardhi, ili umeme ukirudi kwa bahati mbaya uzame udongoni badala ya mwilini mwa mtu. Walikuwa na seti moja tu ya nyaya za kazi hiyo. Kipande cha pili, kile kinachoelekea kijijini, kilikuwa kimelala kwenye nyasi, hakijaungana na kitu chochote chenye umeme. Kila mtu alikiona kimekufa.

Machogu alipanda akikivuta ili akiunge.

"Nakumbuka nilimwambia Gibson alegeze kamba kidogo," anasimulia. "Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali."

Umeme ulipita mkono wa kushoto ukatokea begani. Mkanda ndio uliomzuia asianguke. Madaktari walijaribu kuuokoa mkono ule, wakashindwa, wakaukata.

Celestine anasema alikuwa akichuma chai alipopigiwa simu. Aliacha kikapu katikati ya shamba, na hadi leo hajui nani alikipeleka kwenye kituo cha kupimia chai. Kwa wiki nyingi alikuwa akienda hospitalini na kurudi, na malipo ya ziada ya chai ya mwaka huo yakaishia kwenye nauli na dawa. Binti yao, Persis, alikaa nyumbani muhula mzima akiwapikia wadogo zake.

Huku nje, lawama ilikuwa imeshapata mtu wa kumkalia. Watu walisema Ombati hakuzima laini sawasawa. Kampuni ilimsimamisha kazi. Kanisani watu walimsalimia haraka na kupita. Kaka mkubwa wa Machogu, Zachariah, alitaka wampeleke mahakamani.

"Gibson alikuja hospitalini mara moja," Celestine anakumbuka. "Alisimama mlangoni. Akaniambia, 'Dada, nilizima. Nilipima kwa mikono yangu.' Nilimgeuzia mgongo. Hilo linaniuma."

Machogu alimsikia. Akiwa kitandani, bila kitu kingine cha kufanya, aliirudia ile laini kichwani nguzo kwa nguzo. Upande wa kituo ulikuwa umezimwa na kuunganishwa na ardhi. Yeye hakuushika upande huo. Alishika kile kipande kilichotoka kijijini, na umeme uliomchoma ulikuwa wa volti nyingi, wa kuunguza hadi mfupa. Kijijini hakuna volti nyingi. Kijijini kuna transfoma.

"Nikajiambia, huu umeme haukuteremka. Huu ulipanda."

Transfoma ile ilikuwa ya mwisho kwenye laini, na ilihudumia nyumba tatu tu. Mara nyingi mtu akiunganisha jenereta na nyaya za nyumba bila kujitenga na laini, jenereta huzidiwa na mzigo wa majirani na kuzimika. Lakini asubuhi ile majirani wawili walikuwa shambani, hawajaacha kitu kimewashwa. Jenereta yoyote ndogo ingeweza kuusukuma umeme wake hadi kwenye transfoma, na transfoma ingefanya kazi yake kama kawaida, ila kinyume. Volti zinazochemsha chai zingetoka upande wa pili zikiwa maelfu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Jemimah Nyanchama, mjane wa Kiadventista anayeuza vifaranga. Machogu aliwahi kuona jenereta barazani kwake.

Alipotoka hospitalini hakwenda kwa kampuni kwanza. Alikwenda Birongo, na Celestine akamfuata kwa hofu kwamba atagombana na mtu.

Jemimah aliwakaribisha, akawawekea viti, akawapa uji. Alikuwa amesikia habari za fundi aliyeungua, na alikuwa amemwombea. Alimpa pole kwa heshima zote. Machogu aliutua uji chini.

"Mama," akasema, "siku ile umeme ulipopotea, uliwasha jenereta?"

"Niliwasha asubuhi, mashine ilipoanza kupoa. Nilikuwa na mayai kwenye mashine, yamebaki kidogo yaanguliwe. Yakipoa yanakufa yote."

"Uliunganisha vipi?"

Alimpeleka akamwonyesha. Ulikuwa waya wenye plagi pande zote mbili, aliouziwa sokoni pamoja na jenereta. Unachomeka huku, unachomeka kule kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Hakuna aliyemwambia kwamba si nyumba peke yake inayowaka.

Machogu alimweleza pole pole, kwa Ekegusii, lugha ya kwao, bila kupandisha sauti. Jemimah alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakaa chini, sakafuni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hukujua, mama."

"Lakini ni mimi."

Celestine anasema alikuja na maneno makali aliyojiandaa nayo, na yote yalimpotea alipomwona mama yule sakafuni akijifunika uso kwa leso. Alijikuta ameketi kando yake, akiwa ameshika mkono wake. Vifaranga walikuwa wakilia chumba cha pili.

Jemimah alitaka jenereta ile iondoke kwake siku hiyo hiyo. Machogu alikataa kuichukua. Alimwomba mambo mawili: aukate ule waya wenye plagi mbili, na aende pamoja naye kwenye ofisi ya kampuni akaeleze alichofanya, ili jina la Ombati lisafishwe.

"Sikulala," anasema Jemimah, mwenye miaka sitini na miwili. "Nilijua nikisema, watu wa hapa wataninyooshea kidole. Lakini huyo Ombati naye ana watoto. Nikavaa nguo ya Sabato nikaenda, ingawa ilikuwa Jumanne."

Ombati alirudishwa kazini. Kampuni ilinunua seti zaidi za nyaya za kuunganisha laini na ardhi, na sasa hakuna anayepanda kabla pande zote mbili hazijafungwa nyaya hizo. Ombati mwenyewe hajioni hana hatia kabisa. "Tulikuwa na seti moja, tukasema itatosha," anasema. "Nikimwona Machogu anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, nalikumbuka hilo neno."

Hofu ya Jemimah ilitimia. Wanunuzi walipungua. Mtu mmoja alimwita muuaji mbele ya watu sokoni. Zachariah naye alihamisha hasira yake kwake, akasema sasa mshtakiwa amepatikana. Machogu alimjibu kaka yake jambo ambalo Zachariah mwenyewe amelirudia kwa mwandishi wa habari hizi: "Mkono hautarudi. Unataka nikose mkono, na huyu mama akose nyumba, halafu wewe upate nini?"

Siku ya soko iliyofuata, Machogu alikwenda Birongo mchana, watu wakiwa wengi, akasimama kwenye meza ya Jemimah akanunua vifaranga. Akawachagua mmoja mmoja bila haraka, akizungumza naye habari za chanjo. Hakuhutubia mtu. Wiki iliyofuata wanunuzi kadhaa walirudi.

Kuhusu kupanda nguzo, amekubali kwamba basi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzito. Alikaa nyumbani akitazama ukuta, akiwakaripia watoto kwa mambo madogo. Ni Celestine aliyemkumbusha kwamba alikuwa akitengeneza koili zamani kama kazi ya pembeni.

"Akaniambia haiwezekani, mkono mmoja uongoze waya, mwingine uzungushe mashine," Celestine anasema. "Nikamwambia, Baba Persis, mimi nimechuma chai miaka ishirini. Utaniambia siwezi kuzungusha mpini?"

Sasa wana karakana. Kipato hakilingani na mshahara wa zamani, lakini Persis amerudi shuleni na anamaliza kidato cha nne mwaka huu.

Siku ambazo hakuna koili ya kusuka, Machogu huzunguka kwenye maduka ya Masimba na Mosocho akiomba kuona jenereta zilivyounganishwa. Anapokuta plagi mbili, anamwomba mwenye duka aweke swichi ya kuchagua, ile ambayo ukiigeuzia jenereta inakutenga kabisa na laini. Wengine humsikiliza. Wengine humwambia wamefanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyekufa. Yeye si msemaji hodari, na anakiri hivyo. Ndiyo maana Jemimah alianza kufuatana naye.

"Mimi najua kueleza volti," Machogu anasema. "Yeye anaeleza ilivyokuwa. Watu wanaacha kubisha."

Juu ya meza ya karakana, kando ya koili ya leo, kuna sanduku la plastiki angavu walilolimaliza juzi. Ndani yake kuna transfoma ndogo, ya kutoka kwenye redio mbovu. Umeme hafifu, usioweza kumshtua mtoto, unaingizwa upande wake wa chini, na upande wa juu balbu ya nyumbani inawaka. Wanapanga kulipeleka katika kila soko la Kisii na Nyamira kabla ya mvua za Aprili, wakianzia Birongo Jumapili ijayo.

Machogu atalibeba. Atakayebonyeza swichi yake ni Jemimah. Aliombwa juzi, akaomba muda wa kufikiri, na jana jioni akapiga simu.

"Mkono utanitetemeka," alimwambia Celestine. "Waambie wasinishike. Wauache utetemeke, watu waone, halafu nitawasha."