Bomu la Reifenbach

Roswitha Thelen alikuwa mpiga chapa wa serikali. Kijijini kwao Reifenbach walijua anafanya kazi posta, mjini Bonn, Ujerumani Magharibi. Kumbe alikuwa chini ya mlima wa mizabibu, kwenye handaki la siri ambalo wakubwa wangekimbilia vita vikianza. Mimi nilikuwa fundi wa feni humohumo. Sote tulikula kiapo cha kufunga mdomo.

Mara kwa mara tulifungiwa milango kwa mazoezi ya vita. Jua hatulioni, hewa inanuka dizeli, ngozi inapauka kama unga. Mwaka sabini na tisa, Kapteni Brandl alisimama mbele ya ramani akachora msalaba mwekundu juu ya Reifenbach.

"Hapa bomu moja la nyuklia. Bi Thelen, andika: hakuna aliyepona."

Roswitha hakugusa mashine. "Kapteni, mama yangu yupo hapo."

"Ni mazoezi tu, dada."

"Najua. Lisogeze kidogo."

Kapteni akacheka. "Haya, tulipeleke Münkel. Nani ana mtu Münkel?"

"Mimi," nikasema. "Mke na watoto wawili."

"Mnaona? Hili bomu kila mtu analifukuza kama mbwa koko!" Akaliacha palepale Reifenbach, akaenda zake kula supu ya dengu.

Roswitha akaandika. Alikosea jina la kijiji alikozaliwa, akalifuta, akaliandika upya.

Milango ilipofunguliwa nilimpa lifti hadi kwao. Mama yake, Bi Apollonia, alikuwa uani akianika mashuka.

"Umepauka kama mshumaa! Huko posta hawawapi hata dirisha?"

"Wanatupa, mama."

"Njoo ule basi. Keki ya plamu bado ya moto."

Akala vipande viwili. Baadaye aliniambia hakusikia ladha yoyote, na kwamba alimtazama mama yake akiongea kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Alingoja uchungu uje. Haukuja, wala furaha.

Aliomba kuhamishwa, wakamkatalia: anajua mengi mno. Akaendelea kuandika vifo vya miji ya watu hadi handaki lilipofungwa kabisa. Mama yake alikufa kitandani, kwa uzee tu. Mazishini Roswitha aligawa kahawa, macho makavu, majirani wakamsema ana moyo wa jiwe. Sikumtetea. Hata mimi, siku ile ya keki, nilipofika nyumbani na watoto wakanirukia, niliwaambia tu wavue viatu.