Daktari Aliniuliza Binti Yangu Anakula Nini, Nikakosa Jibu

Admin, naomba unifichie jina, maana huku kwetu watu wanajuana mpaka ng'ombe wa jirani. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, Mkurya, mkulima na mfugaji wa upande wa Machochwe. Mke wangu ni mpishi kwenye kambi ya watalii huko Natta, anakuja nyumbani kwa zamu, anakaa siku chache anarudi kazini. Watoto wakubwa wameshaondoka. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama yangu mzazi, na binti yetu wa mwisho mwenye miaka kumi na sita. Nitamwita Bhoke, ingawa si jina lake.

Naandika haya bila machozi, msinione sina huruma. Tangu siku ile ya hospitali nimekufa ganzi. Nakamua, nalima, nasalimiana na watu njiani, lakini ndani sisikii kitu.

Bhoke alianguka shuleni, paredi ya asubuhi. Mwalimu akanipigia, nikamchukua kwa bodaboda mpaka hospitali. Nilipombeba ndipo nikashtuka, alikuwa mwepesi mno. Muda wote huo alikuwa anavaa sweta hata jua likiwaka, mimi nikidhani ni mitindo ya vijana. Shangazi yake alishasema ni mimba, majirani wakasema karogwa. Vipimo vikatoka: malaria hana, taifodi hana, mimba hana.

Daktari, mama mmoja bado kijana, akamwomba Bhoke asubiri nje, akabaki na mimi. Akaniuliza mwanangu anakula nini asubuhi, anakula kiasi gani, ameacha vyakula gani siku hizi, na akishakula huwa anakwenda wapi. Mimi nikaona ananidharau. Nikamwambia, "Daktari, kwangu hakuna njaa. Ghala limejaa."

Akasema kwa upole, "Sijauliza ghala, baba. Nauliza mara ya mwisho umemwona anameza chakula ni lini."

Ndugu zangu, sijawahi kumwona Bhoke akila tangu alipokuwa mdogo wa kupakatwa.

Wengine mtashangaa. Familia nyingi sasa zimeacha, ila kwetu bado mwanaume hali na binti zake. Bhoke ndiye anayeniletea ugali, anapiga goti, ananinawisha, halafu anarudi jikoni kula na bibi yake. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Kumbe mama yangu macho yameshafifia, anasikia sahani zinagongana anajua mjukuu anakula. Mke wangu akipiga simu anaambiwa, "Nimeshiba, mama." Kila mmoja alikuwa amemtegea mwenzake. Na mimi huyu, ng'ombe akikosa kucheua jioni najua kabla sijafunga zizi. Mbwa wetu wamenenepa, hata hilo nililiona, nikafurahi.

Daktari alinieleza kwamba huu ni ugonjwa, si kiburi wala deko. Mtoto anafika mahali chakula kinamtisha, akili inamwambia amezidi hata akiwa mifupa, na anajua kuficha. Akasema yeye anamwona Bhoke kwa dakika chache tu, kwa hiyo wazazi wote wawili ndio wa kumsaidia kujua ugonjwa umefika wapi. Niwe nakaa naye kila mlo, nisimgombeze, nisimlazimishe, niangalie tu, halafu tukirudi wiki ijayo nimweleze nilichokiona.

Mchana wa kwanza nikachukua kigoda nikaingia jikoni. Mama yangu aliposikia ni mimi akakatisha maneno yake. Bhoke akaepua, akanitengea chakula, akasimama. Nikamwambia akae tule wote. Akakaa mlangoni, akamega tonge, akalishika mkononi mpaka likapoa. Halafu akasema bila kuniangalia, "Baba, ukiwa hapa siwezi kumeza."

Akanyanyuka, akatoka. Sikumfuata. Mama yangu akaniambia mtoto hana kosa, ndivyo mimi mwenyewe nilivyomlea.

Habari zikamfikia kaka yangu. Alikuja jioni, hakutaka hata chai. Akasema, "Mura, mwanaume mzima unahesabu matonge ya binti yako jikoni? Wenzako wa rika watasema mke wako ndiye mwenye mji." Anataka tuchinje kondoo wazee wamtengeneze mtoto kimila, na mambo ya hospitali yaishe. Mke wangu kwenye simu analia, anasema ataacha kazi arudi. Nimemwambia asubiri, maana kazi hiyo ndiyo inayomsomesha huyo huyo Bhoke. Na hata akija kesho, daktari alisema wazazi wote wawili, hakusema mama peke yake.

Nimeshaingia jikoni mara kadhaa tangu hapo, na kila nikiingia anatoka. Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Alipotoka, ni ugonjwa ulimtoa, au ni heshima? Maana binti yeyote wa huku, mzima kabisa, baba yake akikaa jikoni angetoka vile vile. Nikimlazimisha abaki, naogopa nitamvunja. Nikikaa nje kama zamani, naogopa siku moja nitaitwa tena shuleni, na safari hiyo nisimkute hai.

Nyie mliolea mabinti, na hasa akina baba wa mila kama zangu, niambieni mlianzaje kula na watoto wenu. Niendelee kukaa na kile kigoda, au nimwachie nafasi? Wiki ijayo daktari ataniuliza nimeona nini, na mimi mpaka leo nilichokiona ni mgongo wa mwanangu akitoka jikoni. Nikamwambie nini?