Dhambi Iliyokosa Mwenyewe

Ernesti alikuwa Msambaa wa Mlalo, mtoto wa Walutheri wa tangu enzi za Mjerumani. Aliteremka kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Pangani akiwa kijana, akasema atakaa msimu mmoja tu, apate bati za nyumba ya mama yake, kisha arudi milimani. Bati alizipata. Kurudi hakurudi. Alimwoa Dorkasi, binti wa kwao, wakapewa chumba kambini, naye akawekwa kwenye reli ndogo iliyoleta majani ya mkonge kutoka mashambani mpaka korona, kile kiwanda ambamo majani hukamuliwa zikatoka singa.

Kazi yake haikuwa ya kujisifia. Injini ilipanda na matroli yaliyojaa majani, ikayaacha juu ya kilima kilichotazama korona. Pale Ernesti aliyazuia kwa breki ya mkono na kwa kabari, kipande cha gogo alichokisukumiza chini ya gurudumu la mbele. Wa chini wakiwa tayari, aliondoa kabari na kuliteremsha troli pole pole. Breki zilikuwa kuukuu, na kila mtu pale alijua kuwa breki peke yake haiaminiki.

Waliokuwa chini walipakua. Mmoja wao alikuwa Uweso, Mzigua wa Mwera, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Yeye na Ernesti walikuwa watani, kama walivyo watani Wasambaa na Wazigua wengi. Uweso akimwita Ernesti mtumwa wake aliyetoroka. Ernesti akimjibu kwamba Wazigua wote wangekufa njaa kama si ndizi za Usambaa. Walikuwa wakila pamoja mchana, kila mtu na alichofungiwa na mkewe, na mara nyingi walibadilishana.

Mwaka ule uliofuata kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, asubuhi moja ya kiangazi, injini iliacha troli juu ya kilima ikarudi mashambani. Ernesti alikaza breki. Kabari ilikuwa majanini, karibu na mguu wake. Aliiona. Hilo ndilo lililomkaa baadaye, kwamba aliiona, akajisemea, ngoja kwanza niwashe sigara. Akageuka kuukinga upepo. Aliporudisha uso, troli lilikuwa limeshaanza kwenda, polepole na bila kelele, kama mtu anayeondoka msikitini mapema. Akalishika, likamburura, akaliachia. Akapiga ukelele, lakini korona ilikuwa ikinguruma na chini hawasikii kitu. Uweso alikuwa amekipa kilima mgongo, akifunga kamba ya suruali.

Hakuteseka. Ndivyo walivyosema wote, na pengine ilikuwa kweli.

Meneja, Mzungu mmoja aliyekuwa mgeni shambani, alikuja akaitazama breki, akaichezesha kwa mkono, akasema imelika na haifai. Breki zote zibadilishwe. Kuhusu kabari hakuuliza, maana watu walidhani troli limeiruka. Ernesti alifungua kinywa.

"Bwana, kabari..."

Mnyapara Sadalla akamshika bega. "Huyu ameshtuka, Bwana. Marehemu alikuwa mtani wake."

Mambo yakaishia hapo. Maneno yale yalibaki kinywani mwa Ernesti kama tonge lisilomezeka.

Walimzika Uweso alasiri ile ile, kwenye makaburi ya Waislamu nyuma ya kambi. Kwa desturi ya pwani ile, mtani ana kazi yake msibani: huleta mzaha, hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote, humsema maiti kwa uvivu na ulafi wake, na waliofiwa hucheka katikati ya machozi. Watu walimtazama Ernesti. Mwinyijuma, mzee wa kambi, akamwambia kwa upole, "Mtani, mbona umenyamaza? Utamzika mwenzio kama mgeni?"

Basi Ernesti akalala njiani. Akasema jeneza halipiti mpaka Uweso amrudishie mihogo yote aliyomlia. Watu wakacheka. Hata ndugu wa marehemu, Idarusi aliyefika kutoka Mwera, alicheka huku akijifuta macho kwa kanzu. Ernesti alikuwa amelala chali juu ya vumbi akitazama mbingu, na hakusikia huzuni wala aibu wala hofu. Hakusikia kitu. Alidhani ni kwa muda tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, kwamba baada ya kitambo damu itarudi na maumivu yataanza.

Hayakuanza. Alikwenda kazini, akaweka kabari, akaondoa kabari. Alikula ugali bila kujua mboga ilikuwa nini. Dorkasi akimsemesha alijibu sawasawa, ila kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili. Siku moja alimweleza mkewe yote, kabari na sigara, kwa sauti ile ile ambayo angemwelezea bei ya chumvi.

Dorkasi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Watakufunga, na mimi nitarudi Mlalo na nini? Ilikuwa ajali, Ernesti. Ajali haina kinga."

Kila aliyekutana naye alimwambia hivyo. Waislamu wa kambini walisema siku za Uweso zilikuwa zimetimia. Lingekuwa si troli, ingekuwa homa au nyoka. Wakristo walisema ni mapenzi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Walisema kwa wema. Na kila walipokwisha kusema, Ernesti alijiona amesogezwa mbali kidogo zaidi.

Kanisa la kambi lilikuwa banda la udongo lenye viti vya magogo. Mchungaji alifika mara moja moja kutoka Tanga mjini; siku nyingine zote alihudumu mwinjilisti Abrahamu, ambaye wote walimwita Mwalimu. Jumapili moja Mwalimu Abrahamu alifundisha habari za uumbaji. Akasema Mungu angeweza kumwumba mtu kama korona: ukiiwasha inakwenda, ukiizima inasimama, haina thawabu wala lawama. Hakutaka. Alimpa Adamu hiari. Mti aliuweka mahali pa wazi, mkono wa Adamu akauacha huru, na Adamu akachukua. Ndipo dhambi ilipoingia, na kwa sababu iliingia kwa mlango wa hiari, Mwokozi naye akaja kugonga mlango ule ule.

Watu walipotoka, Ernesti alibaki.

"Mwalimu, mimi niliiona kabari," akasema, akaeleza.

Abrahamu alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mwema, mwenye kikohozi kisichoisha, na huruma ilimjaa usoni. "Usijitese, ndugu yangu. Mungu alikuwa amekwisha kumwita."

"Kwa hiyo Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wangu nisiweke kabari?"

"Usiseme hivyo."

"Kama si yeye, ni mimi."

"Ilikuwa ajali, Ernesti."

"Ajali haitubiwi, Mwalimu. Umesema mwenyewe leo. Kama mimi ni korona, sina lawama. Kama sina lawama, nitasamehewa nini?"

Abrahamu akakohoa kwa muda mrefu. Akasema watasali. Walisali, na Ernesti akaitikia amina mahali panapostahili.

Semeni, mjane wa Uweso, alikuwa amekwenda kukaa eda kwa watu wake Mwera. Alipotoka eda, Ernesti aliomba ruhusa kazini, akapata lori la mkonge mpaka njia panda, akamalizia kwa miguu. Hakumwambia Dorkasi aendako. Alimkuta Semeni barazani na shangazi yake, Bi Asmahani, wakisuka ukili wa mikeka. Alimwamkia Bi Asmahani shikamoo, akapewa kigoda na maji ya kunywa. Bi Asmahani akainuka kwenda kutazama chungu.

"Shemeji," Ernesti akasema, "breki haikuwa na kosa. Nilikuwa na kabari karibu na mguu. Niliiona, sikuiweka. Nilitaka kuvuta sigara kwanza."

Vidole vya Semeni viliendelea kusuka mpaka mwisho wa ukindu ule. Akauweka chini.

"Wajua nilikaaje miezi ile ya eda?"

"Sijui."

"Nilikaa nikimpa Mungu. Kila siku nampa kidogo. Leo nampa sauti yake, kesho nampa viatu vyake. Mpaka nikamaliza, nikasema basi, ni wako, ulimleta wewe na umemchukua wewe. Nikalala usingizi." Alizungumza bila ukali. "Sasa waja wewe na kabari yako, wanirudishia mtu mzima hapa barazani. Nimpeleke wapi?"

Njia nzima Ernesti alikuwa amefikiri juu ya kusema. Juu ya kusikia kwake Semeni hakuwa amefikiri hata mara moja.

"Ulitaka nikusamehe?"

"Nilitaka mtu aseme ni mimi."

"Ni wewe," Semeni akasema. "Umesikia. Haya, nenda. Msamaha sina leo, na kama nitakuwa nao sijui. Usije tena mpaka nikuite."

Aliondoka kabla chakula hakijaiva. Bi Asmahani alishangaa, maana mgeni wa mbali haondoki hivyo. Njiani Ernesti alitembea kama alivyotembea kuja.

Jioni ya siku ya pili alikwenda kwa Mwalimu Abrahamu, akamkuta mlangoni akipasua kuni. Akamwambia alikokwenda na alichojibiwa. Abrahamu akaketi juu ya gogo. Safari hii hakufanya haraka kumfariji.

"Nilikukosea," akasema. "Ulileta dhambi yako nikakunyang'anya, kwa sababu nilikuonea huruma. Na ulipoikosa kwangu ukaipeleka kwa mjane." Alitafuta pumzi. "Sasa nakuambia. Ulitenda dhambi, Ernesti. Ile ya sigara ni uzembe, na mtu amekufa kwayo. Hii ya Mwera ni nzito kuliko unavyodhani, kwa sababu ya kwanza uliifanya umegeuka, na hii umekwenda kwa miguu yako. Ulitaka kujiponya kwa kidonda cha mwingine."

"Ndiyo," Ernesti akasema.

"Wakiri hayo mbele ya Mungu?"

"Nakiri."

Abrahamu akasimama, akamwekea mikono kichwani, mikono yenye vumbi la kuni, akamtangazia ondoleo la dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kuku walikuwa wakiparua karibu nao. Ernesti akangoja. Alikuwa amewasikia watu kwenye mikutano ya uamsho wakisimulia jinsi mzigo ulivyowaanguka, wengine wakalia, wengine wakaimba. Yeye alisikia uzito wa mikono tu, na halafu haukuwapo.

"Mwalimu, sisikii kitu."

"Sikukuambia utasikia," Abrahamu akasema. "Nimekuambia umesamehewa. Nenda nyumbani, mkeo anakutafuta tangu jana."

Miaka ilikwenda. Dorkasi alizaa binti, wakamwita Beatrisi, akabatizwa kwenye banda lile la udongo na Ernesti akashika mshumaa. Breki mpya zililetwa, nazo zikawa kuukuu. Alipata sifa ya kuwa mtu wa kutegemewa, mwenye maneno machache. Utani aliuacha. Wazigua wa kambini walimchokoza kwa muda, wakachoka. Kanisani alikwenda na Mezani kwa Bwana alikwenda, bila kukosa na bila furaha, kama mtu anayekwenda kunywa dawa aliyoambiwa inafanya kazi ingawa haonji uchungu wake. Mwalimu Abrahamu alipokufa kwa kile kikohozi, Ernesti alichimba kaburi pamoja na wengine, na watu wakaona kwamba hakulia.

Ilipokaribia mwisho wa miaka ya hamsini, baada ya masika makubwa, Idarusi, yule ndugu wa Uweso, alipita kambini akimtafuta. "Semeni amesema uje. Ukuta wa jiko lake umeanguka, na mimi nina safari ya Moa."

Ernesti akaenda. Semeni hakuwa ameolewa tena. Alikuwa amenenepa kidogo na Bi Asmahani hakuwapo tena duniani. Alimwonyesha ukuta, akarudi kwenye shughuli zake. Ernesti alikata fito, akasimamisha, akafunga, akakanyaga udongo, akakandika. Walisemezana habari za udongo na maji, basi. Alilala kwa majirani, na siku iliyofuata akamalizia upande wa ndani.

Alipokwisha kunawa, Semeni alimwekea wali na samaki, akaketi upande wa pili wa mkeka, ukili mikononi.

"Siku ile," akasema, "Uweso aliamka na homa. Mwili wake ulikuwa moto. Nikamwambia, leo usiende. Akasema atakwenda. Ningeweza kuing'ang'ania nguo yake, alikuwa hanishindi akiumwa. Lakini tulikuwa tumegombana usiku, nikajisemea, mwache aende. Nikamfungia chakula akaenda."

Ernesti aliacha kula. Maneno yalimjia ulimini, yale yote aliyowahi kuambiwa: kwamba si kosa lake, kwamba siku zilikuwa zimetimia, kwamba asijitese. Yalikuwa tayari, yamepangika, na yalikuwa mema. Akayazuia.

"Sijamwambia mtu," Semeni akasema.

"Nimesikia, shemeji."

Semeni akaitika kwa kichwa. Akasuka kidogo, kisha akamsogezea bakuli la mchuzi. "Kula, wali unapoa."

Akala. Mchuzi ulikuwa wa nazi, na chumvi ilikuwa imezidi.