Bibi Alivyoshuka na Gome la Mgomba

Mwezi wa saba mwaka huu nimepanda tena Lushoto, na nakuambia rafiki yangu, baridi ile haijapata adabu mpaka leo. Pale Mombo, chini ya mlima, nilikuwa natoka jasho. Kufika juu, meno yanagongana. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimerudi nyumbani.

Utotoni, shule zikifungwa msimu wa baridi, Bibi alitupandisha sisi wajukuu kutoka kijijini mpaka kwenye kibanda chake cha mbao, juu kabisa karibu na msitu, kuvuna viazi. Tulilala tumebanana kando ya moto, nguo zote zinanuka moshi. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani bila hodi. Tulikula viazi vya kuchoma kwenye majivu, tukashushia chai ya mchaichai, kisha jembe mkononi mpaka mgongo useme basi. Lakini jioni, mteremko wa majani chini ya kibanda ulikuwa wetu. Unabandua gome la mgomba, unalikalia, unajiachia! Mimi nilikuwa bingwa. Sijisifu, waulize binamu zangu, makovu wanayo.

Mwaka mmoja Bibi aliamka goti limevimba. Baba Mdogo alipopanda kutujulia hali, akalitazama lile goti, akatikisa kichwa.

"Basi, Mama. Leo unashuka kwa machela, na huku hurudi tena. Kibanda nakivunja."

Bibi akalifunika goti kwa kanga, akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa sana. Kule kijijini kila mtu alimwamulia, ale nini, alale saa ngapi. Kwenye kibanda kile alijiamulia mwenyewe.

Nikaropoka, "Bibi, si ushuke na gome?"

Baba Mdogo akanikata jicho. Bibi akaligusa gome langu kwa fimbo yake. "Hili limekauka. Ndiyo maana mnaanguka ovyo. Nileteeni bichi, lenye utomvu."

Heh! Kumbe sisi tulidhani mchezo ule tumeubuni wenyewe. Akajifunga kanga kiunoni, akaketi, akanyoosha mguu mbovu mbele, akaniita nikae nyuma yake.

"Nishike. Ukipiga kelele, nakuacha njiani."

Tukaondoka. Upepo masikioni, umande usoni, na Bibi anakata kona kwa kisigino cha mguu mzima, anacheka kicheko ambacho sikukijua. Tulisimama chini kabisa, pale njia ya kijijini inapoanzia, na kilemba chake hakijasogea hata kidogo. Baba Mdogo alitufikia baadaye sana, suruali nzima matope.

"Pole, mwanangu," Bibi akamwambia. "Ukija kukivunja kibanda, uje nikiwa ndani."

Hakukivunja. Goti lilipona, na Bibi aliendelea kupanda kila msimu wa baridi mpaka nikawa mtu mzima.

Sasa Bibi hayupo. Kibanda nacho kimeoza, limebaki jiwe moja la jiko na magugu, na nilipoliona niliumia, sikufichi. Ila mteremko upo. Binti yangu, mtoto wa Dar, alisimama pale juu amejikunyata ndani ya koti, ananitazama nabandua gome la mgomba.

"Mama, na umri huo? Utavunjika!"

Nikaligusa gome kwa fimbo yangu. Bichi, utomvu unatoka. Nikaketi, nikajifunga kanga vizuri, nikamwonyesha mahali pa kukaa nyuma yangu.

"Nishike," nikamwambia. "Ukipiga kelele, nakuacha njiani."