Pembe ya Ukuta Aliyoitazama Babu

Ilianza Jumatano ya mwezi wa pili, saa kumi kasoro robo za jioni. Nina hakika na saa kwa sababu baba, aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya Korogwe, alikuwa bado hajarudi, na mimi nilikuwa nikimpa babu uji. Baba mdogo akafika kwetu Masuguru, hapo hapo Korogwe, na vumbi la Handeni hadi kwenye kope. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa babu.

"Baba, mbegu umeiweka wapi?"

Mama alikuwa mlangoni. "Shemeji, shikamoo umeisahau kwenye lori?"

Babu alifumba macho.

"Amelala," alisema baba mdogo.

"Hajalala. Amekufungia mlango."

Babu alikuwa amepata kiharusi mwezi mmoja kabla, akaletwa Korogwe kutoka kwake Handeni apate hospitali. Upande wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka yote. Kabla ya kuanguka alikuwa ameficha kibuyu cha mbegu ya mahindi, peke yake, bila kumwambia mtu. Mwaka wa nyuma, wakati wa njaa, mbegu iliyoning'inizwa juu ya moshi jikoni ililiwa, na kila mtu wa nyumba ile alijua nani aliila. Aliyeila ndiye aliyekuwa amesimama pale na vumbi lake. Mashamba ya Handeni yalikuwa yameshalimwa, mawingu yameanza kukaa, na majirani nao walikuwa hawana punje ya kumpa mtu. Kibuyu kisipopatikana, shamba la babu lingekaa wazi msimu mzima.

"Nimepekua darini, nimepekua uvunguni, nimechimba hata zizini," alisema baba mdogo. "Basi aulizwe na mkewe."

Mke alikuwa mimi. Babu alikuwa akiniita mke wake mdogo tangu sijajua kutembea, na watu waliendelea kunitania hivyo hata nilipofika miaka kumi na sita na kuanza kuona haya. Nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa sababu surua ilikuwa imeingia mabwenini.

Niliinama, nikauliza kwa sauti ndogo. Babu alifumbua macho. Yalinipita mimi, yakaenda juu kushoto, kwenye pembe ya ukuta karibu na boriti, yakatua hapo.

Baba mdogo alivuta kiti, akapanda, akaanza kugonga chokaa. Akatoka nyigu mmoja. Baba mdogo aliruka chini, akafika uani kabla ya kiti kuanguka.

"Mwanamume mzima!" alisema mama. "Mzee anamtazama Mungu wake, nyie mnabomoa nyumba yangu."

Nikayaandika yote katika daftari langu. Wakati ule nilikuwa na tabia ya kuandika habari za macho ya watu, na sababu yake haikuwa akili, ilikuwa aibu. Sikuweza kumtazama mtu anayenitazama. Lakini mtu anayekumbuka hakutazami, anatazama kwingine, na hapo unaweza kumwangalia utakavyo. Mama akikumbuka kilichobaki kununuliwa alitazama dole gumba la mguu wake. Baba akitafuta jina la mtu alitazama paa. Shuleni, siku ya mtihani wa jiografia, mwalimu aligeuza ramani ya Tanganyika ikaelekea ukutani. Darasa zima tukawa tunatazama mgongo wa ramani, kitambaa kitupu, na mito ikaja.

Alhamisi asubuhi nilibaki na babu peke yetu. Nilikaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto, kwa sababu upande huo wa mdomo ndio uliokuwa hai. Nikamuuliza, si kwa kutafuta mbegu, kwa udadisi tu.

"Babu, kisima kiko wapi?"

Macho yalikwenda kulia, kwenye sanduku la nguo za mama.

"Na jiko la marehemu bibi?"

Yalirudi nyuma, juu ya kichwa chake, hadi nikaona weupe mtupu nikaogopa. Jiko letu Masuguru lilikuwa mbele, ng'ambo ya ua. Kisima tulikuwa hatuna.

Niliweka bakuli chini. Nilichukua daftari, nikachora chumba chake cha Handeni: kitanda cha kamba, mlango miguuni, kisima kulia, jiko nyuma. Kushoto, juu, kulikuwa na kidirisha. Kwa mwezi mzima tulikuwa tunaamini babu amelala Masuguru, naye alikuwa amelala Handeni. Na kwenye kidirisha kile, mtu akiwa kitandani, alikuwa anaona kitu kimoja tu: tawi la mkwaju na mzinga wa nyuki. Nyuki wake walikuwa wameshahama. Babu aliniambia mwenyewe nilipokwenda likizo, akaniambia nisimwambie mtu.

"Ni kwenye mzinga?"

Alinitazama. Tangu aletwe hakuwahi kunitazama vile, na mimi, kwa mazoea, nikainamisha uso.

Sikufurahi. Baba hakupata ruhusa kazini ya kwenda Handeni, na lori la Handeni lilikuwa linaondoka alasiri ile ile, na baba mdogo ndani yake. Nikimwambia, huenda angeila tena. Nisipomwambia, hakuna wa kupanda. Nikamuuliza babu: "Nimwambie baba mdogo?" Alifumba macho kwa muda mrefu, uji ukashika utando. Kisha akafumbua na kutazama ile pembe. Nilichukulia kuwa ni ruhusa. Sijui kama ilikuwa ruhusa.

Baba mdogo alikuwa uani akifunga mzigo wake. Niliongea na viatu vyake.

"Baba mdogo, mbegu imo kwenye mzinga. Ule wa mkwajuni."

"Ule? Mimi ule mzinga nauzunguka kwa njia ya makaburini, miaka yote!" Alianza kucheka, akacheka mpaka mama akatoka jikoni. "Mzee huyu! Alijua siwezi kupita hata chini yake!"

"Ndiyo maana," alisema mama.

Kicheko kikakatika. Alisimama na kamba mkononi. Kisha akavua viatu, akaingia chumbani, nikamsikia akisema, kwa sauti kubwa kama mtu aliyefika sasa hivi: "Shikamoo, baba."

Barua yake ilikuja wiki ya pili. Kibuyu kilikuwemo, kimezibwa kwa udongo, na ilibidi aazime ngazi. Aliandika kwamba amepanda yote. Hakuandika zaidi.

Ila hayo yalikuwa mbele. Ijumaa asubuhi nilikoroga uji kama kawaida, nikaingia chumbani, nikakihamisha kigoda kutoka kushoto kwenda kulia. Kulisha kutoka upande ule ni taabu, lazima uinuke na kuvuka kifua chake kwa kila kijiko, na nilimwaga mara mbili kwenye shuka. Lakini upande wa kushoto nilikuwa namzibia kidirisha chake cha Handeni.